Kisogo cha Diwani

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, na wala si siku ya harusi yangu. Harusi naikumbuka nusunusu tu, maana nililia tangu kanisani mpaka jioni na sikuona kitu. Siku ninayoisema ni ya uchaguzi, enzi za Mwingereza, hapa hapa kijijini kwetu ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo ukisimama unaiona milima ya mawe ya Masasi kule chini. Siku hiyo kilivunjika chungu. Kwa chungu hicho diwani wetu alipoteza kiti chake, na kwa chungu hicho hicho akaja kuwa diwani ambaye watu wa hapa walikataa kumpumzisha mpaka magoti yake yenyewe yalipogoma.

Nakueleza haya kwa sababu jana ulikuja na kofia zako zenye picha yako mwenyewe. Uliniamkia vizuri, nikaitikia marahaba, ukanivika kofia moja juu ya kitambaa changu. Sikukataa. Ninayo kichwani hata sasa, inanikinga jua ninapoanika mihogo. Lakini uliposema, "Bibi, niombee nishinde, maana nikishindwa sitakuwa na uso wa kukaa hapa," nilinyamaza, nawe ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Leo nimepapata, kwa hiyo weka hiyo simu chini, kaa mkekani, unisikilize. Wewe ni mjukuu, lakini leo nitakuita mwanangu, maana maneno haya nilikuwa nimemwekea mama yako, naye hana haja na udiwani.

Kwanza ujue maji yalikuwa nini. Wewe umezaliwa ukakuta bomba, hata kama lina siku zake za kununa. Sisi uwanda wetu ulikuwa na kila kitu: mikorosho, mihogo, hata ming'oko ya kuchimba porini chakula kilipopungua. Maji ndiyo hayakuwapo. Mvua zikikatika na visima vya kukingia mvua vikikauka, wanawake tulishuka bondeni kwa ule mteremko wa mawe, debe kichwani, mtoto mgongoni, na kupanda tena jua likiwa utosini. Kule chini palikuwa na chemchemi mvivu. Maji yalitoka kidogo kidogo, na aliyechelewa alichota tope akashukuru.

Pale chemchemini tulikuwa na kanuni yetu. Ukifika unaweka chombo chako nyuma ya chombo cha mwenzio, kisha unakwenda zako. Unaokota kuni, unanyonyesha, unajilaza kivulini. Chombo ndicho kinachokushikia zamu. Wenzako wanakisogeza mbele kidogo kidogo kama vile wewe mwenyewe unapiga hatua. Hakuna aliyethubutu kukiruka chombo cha mtu, wala kukisukuma kwa mguu. Nimewaona wanawake waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mwanamume, lakini mmoja alilisogeza debe la mwenzake kwa mikono miwili, taratibu, halafu ndipo akatema mate pembeni. Hasira ilikuwa ya mwenye debe. Debe halikuguswa.

Sasa nije kwa diwani. Diwani alikuwa njomba wangu, kaka wa mama yangu, tumbo moja. Mzee Nampoto. Unajua kwetu mjomba ni nani, ingawa ninyi wa siku hizi mnamjua kwa kumwomba nauli. Baba alikulea, lakini njomba ndiye aliyesema uolewe na nani na ulime wapi, na ukiharibikiwa yeye ndiye anayeulizwa. Njomba alisoma kidogo shule ya misheni kule Lulindi, akarudi akapanda mikorosho, akaoa. Baraza la wilaya lilipoanza kuchukua watu wa kuchaguliwa, wanaume wa hapa walimchagua yeye. Muda wake ulipokwisha wakamchagua tena. Alikuwa akienda Newala kwa miguu, viatu amevishika mkononi, anavivaa akifika mlangoni pa baraza ili visiishe njiani. Koti lake la baraza lilikuwa moja, jeusi, na mkewe alilipiga pasi mpaka likang'aa mabegani.

Kazi aliyojipa ilikuwa moja pia. Serikali ilikuwa imeanza kupandisha maji uwandani kwa mashine na mabomba, na kila kijiji kilitaka kilinge chake, yaani mahali pake pa kuchotea bombani. Njomba aliomba, alibishana, alisubiri, akaomba tena. Mwaka huo wa uchaguzi alikuwa amekaribia. Bado kikao au viwili tu, alisema. Ndiyo maana uchaguzi ule haukuwa mchezo kwetu. Akianguka Njomba, tuliogopa kwamba bomba litaanguka naye, na sisi tutazeekea kwenye mteremko ule. Mama yangu magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba. Kila alipopanda nilimsikia akihema kabla sijamwona.

Mpinzani wake alikuwa Selemani, mwenye duka, tuliyemwita Baba Zuhura. Watu wa kwao ni wafanyabiashara Wayao, walioishi Masasi tangu zamani za babu zao. Alipanda huku kununua korosho, akaoa huku, akaota mizizi. Alikuwa mcheshi, na mizani yake haikuwa na ujanja, hilo lazima niliseme. Walisema anautaka udiwani ili bomba lijengwe mbele ya duka lake. Inawezekana. Hata mimi ningekuwa na duka ningetaka.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa hivi. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Wagombea walisimama kiwanjani mbele ya nyumba ya baraza, wakiielekea meza ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na kuwapa watu kisogo. Watu walijipanga mstari nyuma ya wanayemtaka, tarishi akapita akihesabu. Wagombea walikatazwa kabisa kugeuka, ili wasimwone aliyewakimbia wakaja kumwekea kinyongo. Atakayegeuka ametolewa. Ilikuwa amri, na ilitangazwa kwa ngoma. Mwaka huo pia ndipo walipotangaza kwamba wanawake nao wapange mstari. Miaka ya nyuma ilikuwa kazi ya wanaume tu, sisi tukiwapikia.

Basi siku ikafika, kiangazi kikali. Wanawake walikuwa kiwanjani kabla umande haujakauka, wamejitanda khanga zao nzuri. Tukangoja gari la Bwana Shauri. Halikuja. Jua likaanza kupanda. Ukawaona wanawake wanatazama mteremko, wanatazama barabara, wanatazama tena mteremko. Nyumbani mitungi mitupu, watoto wana kiu, na chemchemi haimngoji mtu. Ndipo mama yangu akasema, "Kwani tunashindwa nini? Si tuweke vyombo?"

Hakuna aliyeuliza maana yake. Walikwenda nyumbani mbio wakarudi na vyombo vya ziada, vile visivyobeba maji: vyungu vya zamani, vibuyu, nyungo, mmoja alileta hata kinu kikivutwa na wanawe. Wakavipanga mstari nyuma ya mahali atakaposimama Njomba, kila kimoja mahali pa mwenyewe. Mama yangu alileta chungu cha mama yake, kilichokuwa kikikaa pembeni mwa nyumba na ambacho mimi nilikatazwa hata kukifuta vumbi. Nikamwambia, "Mama, si ulete kibuyu tu?" Akaniambia, "Mimi ni dada wa diwani. Kibuyu kilichopasuka kitanisimamia mimi?" Akakiweka mbele kabisa ya mstari. Kisha wakabeba madebe yao, wakashuka bondeni wakiimba.

Mimi sikushuka. Nilikuwa na mimba ya mama yako, nimekuwa mzito hata kuinama siwezi. Nilikaa barazani, kwenye kivuli cha paa, pamoja na bibi wawili waliokuwa wameshindwa na mteremko. Njomba alikuja akaviona vyombo vimejipanga, akacheka kwa raha. Selemani naye akaja, akavitazama, akasema, "Mzee, leo unanipiga kwa vyungu." Wakacheka pamoja, wakagawana tumbaku. Hawakuwa maadui, usifikiri.

Gari likaja. Bwana Shauri alikuwa Mwingereza kijana, pua imebabuka kwa jua, mpole kidogo, mwenye haraka ya kurudi. Wagombea wakasimama wakatoa kisogo. Wanaume wakajipanga, wengine huku, wengine kule, na mistari ikawa inakaribiana. Tarishi akaanza kupita, akitokea nyuma kwenda mbele. Alikuwa mtu wa mbali, hakujua mambo ya huku. Alipofika kwenye vyombo akasema, "Nani ameleta takataka zake hapa?" Bibi mmoja kati ya wale wawili akamwambia hizo si takataka, hao ni watu. Tarishi akacheka. Akavisukuma kwa kiatu, kimoja baada ya kingine. Kibuyu kikabingirika. Kiatu kikakifikia chungu cha bibi yangu, chungu kikagonga kinu, kikapasuka.

Mwanangu, chungu kikubwa kikipasuka kina mlio wake.

Nilimtazama Njomba. Niliyaona mabega yake yakipanda ndani ya lile koti. Alisikia. Alijua ni chungu, na alijua huo ulikuwa mstari wake, na kwamba dada yake yuko bondeni. Shingo yake ilitaka kugeuka, naiona mpaka leo. Haikugeuka. Alitazama mbele, kwenye meza ya Bwana Shauri, kama alivyoamriwa.

Aliyegeuka ni Selemani. Aligeuka mwili mzima, akatoka mahali pake, akaenda mpaka kwenye mstari wa mwenzake. Akaviokota vibuyu akavirudisha. Akaviweka vyungu sawasawa. Vile vigae vya chungu cha bibi yangu akavikusanya pamoja, akaviacha pale pale kilipokuwa chungu. Kisha akasema kwa sauti, "Bwana Shauri, hawa ni watu. Wamekwenda medi." Medi ni maji kwa lugha yetu. Yeye hakuwa Mmakonde, lakini alisema medi.

Karani wa Bwana Shauri akaruka, akamkumbusha Bwana Shauri kwamba huyu amegeuka, ametoka. Selemani akajibu, "Sawa, nimetoka. Tena hawa si wangu, ni wa Mzee Nampoto, mnaona wenyewe. Lakini wasubirini wapande."

Bwana Shauri aliuliza, akafafanuliwa, akauliza tena. Akainuka akaenda ukingoni akachungulia bondeni. Aliporudi alikuwa hana haraka tena. Alisema watangoja, na aliyegeuka hajatoka, kisha akaagiza chai yake ya kwenye gari. Tarishi alitumwa akakae garini. Wagombea wakaruhusiwa kukaa. Njomba alikaa peke yake, na hakuna aliyemletea hata maji ya kunywa, maana yalikuwa hayajafika.

Wanawake walipanda jua limeegemea. Habari iliwafikia kabla hawajatua madebe. Mama yangu alitua lake mwenyewe, akafungua ngata yake, akajifuta uso, ndipo akaja kwenye vigae. Alivitazama sana. Mdomo wa juu alikuwa na ndonya, kile kibao cha urembo, kama wanawake wote wa umri wake, na alipokasirika ndonya ile ilitulia tuli. Ilitulia.

Njomba akaja haraka. "Pole dada. Ni yule tarishi, mtu wa mbali, hana adabu."

"Tarishi simjui," mama akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale mbele, nimesimama."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukageuka?"

Njomba akasema, "Ilikuwa amri, dada."

Mama yangu aliinama akachukua kitako cha chungu, kile kigae kikubwa kuliko vyote, akavuka nacho kiwanja. Akakiweka nyuma ya mahali pa Selemani, akasimama nacho. Dada wa diwani! Hebu fikiri. Kwetu sisi, dada akimwacha kaka yake hadharani, wazee hushika vichwa. Wanawake wengine walichukua vibuyu vyao wakamfuata. Si wote. Mimi nilijikokota na tumbo langu, nikajipanga kwa Njomba, mume wangu nyuma yangu. Nilimhurumia njomba wangu, na sijajuta, na mama hakunilaumu hata siku moja. Kila mtu alisimama na moyo wake.

Selemani akashinda. Hakushinda kwa mbali, lakini alishinda.

Baada ya hapo Njomba alijifungia ndani. Hakwenda shamba, hakwenda kanisani, chakula alikula kidogo sana. Na alisema maneno yale yale uliyoyasema wewe jana, kwamba hana uso, kwamba atahamia kwa jamaa zake Tandahimba. Vijana wa ukoo wakamjia wamefura. Wakasema twende Newala tukashtaki, Selemani aligeuka wakati amri ilikataza, watu wote wameona, kiti kitarudi bila shida. Na kweli kingeweza kurudi. Wapo wakubwa waliompenda Njomba barazani, na wapo ambao hawakupenda mtu wa duka. Nilikuwapo, nimempelekea uji. Nilimwona Njomba akilipima jambo lile, na nilijua jinsi anavyokitaka kile kiti, maana hakukitaka kwa ajili ya koti.

Akauliza, "Nikashtaki nini? Kwamba mwenzangu aligeuka, mimi nikakaa kama mti? Hayo nikayaseme mbele ya watu, kwa mdomo wangu?" Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka machozi. Akanyang'anya uji mkononi mwangu akaunywa wote. Nilifurahi mwanangu, nilifurahi kama mtoto.

Kesho yake alishuka kwenda upande wa Masasi, kwa wanawake wafinyanzi, akatafuta chungu. Alichukua kikubwa. Sasa chungu kikubwa hakibebwi kwapani. Akaomba kitambaa akasokota ngata, akakitwika kichwani, akapanda nacho mteremko wote ule, mwanamume mzima, na koti la baraza amelivaa. Hilo koti sijui alilivalia nini. Nadhani alitaka tumwone vizuri.

Akapita katikati ya kijiji mchana kweupe. Watoto wakamfuata wakipiga makofi. Wanawake wakatoka milangoni wameziba midomo. Alipofika dukani, Selemani alikuwa amesimama mlangoni, naye hawezi kunyamaza, akasema, "Ee Mzee, umetoka unyagoni lini?" Maana unyago ni jando la wasichana, na mwali akitoka, kubeba chungu ndiyo kazi anayopewa. Watu wakaangua kicheko. Njomba akasema bila kutikisa kichwa, "Njoo unitue, kisha uniletee chai. Nina maneno na wewe, diwani."

Alikaa dukani mpaka chai ikapoa. Alimweleza Selemani habari zote za bomba. Nani barazani yuko upande wetu na nani bado anasitasita. Mzee gani ukimwendea asubuhi anakubali, ukimwendea baada ya chakula anakataa. Maneno gani yeye aliyasema yakamkwamisha, ili mwenzake asiyarudie. Kila alichokikusanya kwa miaka yake yote, alikimimina mle ndani, kwenye harufu ya sabuni na chumvi. Selemani baadaye aliniambia kwamba siku ile aliona haya kuliko siku aliyoshinda.

Ndipo Njomba akatwikwa tena, akaja kwa mama yangu. Mama alikuwa anatwanga. Hakuacha mara moja. Akamaliza kinu chake, akakijia chungu, akakigonga kwa kidole kusikiliza.

"Kinavuja?"

"Hakivuji."

"Umekibeba kichwani kutoka chini?"

"Kichwani."

"Shingo inauma?"

"Dada, inauma sana."

Mama akacheka mpaka ndonya ikacheza. Akamvutia kigoda. Akasema, na haya ndiyo maneno niliyokuwekea wewe, "Nampoto, sikukukasirikia chungu. Chungu ni udongo, mama yetu mwenyewe alivunja vingapi. Lakini sisi tulikuchagua ututangulie, na anayetangulia watu, watu wako nyuma yake. Bwana Shauri yuko mbele yako kila siku, huwezi kukosa kumwona. Sisi tukiumia hutuoni. Utatusikia tu. Sasa ukisikia na usigeuke, tulikupeleka mbele ufanye nini?"

Njomba hakujitetea. Alisema, "Nimesikia, dada," akakaa pale mpaka wakala pamoja.

Bomba lilikuja, mwanangu. Lilikuja wakati wa Selemani. Halikujengwa dukani kwake wala mlangoni kwa Njomba. Lilijengwa pale njia ya bondeni inapotokea juu, mahali ambapo miguu yetu ilikuwa imezoea kuishia. Siku ya kulifungua Bwana Shauri alimwambia diwani achote wa kwanza. Selemani akatazama chini ya bomba. Palikuwa tayari pamewekwa chungu cha mama yangu, kile cha kutoka Masasi, na nani alikiweka sijui, ingawa Njomba alikuwa ameinamisha uso anatabasamu. Selemani akasema, "Samahani Bwana, kuna mtu mbele yangu." Tukapiga vigelegele. Mama alichota kwa heshima zake zote, na mama yako nilikuwa nimembeba mgongoni, akarushiwa maji usoni akalia sana.

Uchaguzi mwingine ulipofika Selemani alikataa kusimama. Alisema baraza na duka vimemshinda kuviendesha pamoja, akajipanga wa kwanza nyuma ya Njomba. Alikuja Bwana Shauri mwingine, mkali kuliko yule. Amri ikawa ile ile, wagombea watoe kisogo. Njomba akaenda mahali pake. Akaipa meza ya serikali mgongo, akatugeukia sisi.

Kiwanja kikashtuka. Karani akamwambia ageuke. Njomba akasema, "Bwana, kwa hisani yako. Nilishawahi kusimama mnavyotaka ninyi. Safari hii siwezi." Akaambiwa amri ni kwa faida ya watu, ili asiwaone wanaomkimbia. Akasema, "Hilo ni kweli. Basi nifungeni macho." Mama yangu akatoka mstarini. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga kaka yake macho, akakaza fundo. Masikio aliyaacha wazi. Alihakikisha, nilimwona, aliyachomoa kwa vidole vyake.

Bwana Shauri yule mkali alitazama, akakuna shavu, akaandika kitu, akaacha. Njomba akasimama hivyo jua lote, uso kwetu, macho yamefungwa, watu wakijipanga mbele ya uso wake na yeye hamwoni hata mmoja. Alichaguliwa. Na kila uchaguzi uliofuata wakati wa Mwingereza alisimama hivyo hivyo, na mama alimfunga kwa kitambaa hicho hicho. Uhuru ulipokuja na masanduku na karatasi, hapakuwa tena na haja ya kusimama kiwanjani, lakini watu waliendelea kumchagua. Mtu akigombana na karani, mtu akidhulumiwa shamba, mama akijifungulia njiani kwa kukosa gari la kumfikisha hospitali ya Mkomaindo, alikwenda kwa Njomba kabla hajakwenda kwa mtu mwingine. Hakuwa akifanikiwa kila mara. Alikuwa akigeuka kila mara.

Haya, nimemaliza hadithi, sasa nakupa yako.

Gombea, mwanangu. Sikukatazi, na nitajipanga. Vaa hizo kofia, imba hizo nyimbo. Ukishinda watakuja watu wengi kukaa mbele yako, wenye viti vizuri, wenye amri zao, na wengine amri zao ni za haki kabisa, kama ile ya Njomba. Wasikilize. Lakini siku utakaposikia kitu kimepasuka nyuma yako, usingoje kuambiwa ni nini wala ni cha nani. Geuka, hata kama ni kwenye mstari wa mpinzani wako. Hiyo ndiyo kazi, mengine ni koti.

Na usiniambie tena habari ya kukosa uso. Njomba alishindwa hapa hapa, dada yake akiwa upande wa pili, na uso wake haukwenda popote. Ulikuwa pale pale chini ya chungu, unatoka jasho, watu wote wakiuona. Walipouona ndipo walipoupenda.

Sasa inuka. Kile chungu kiko pale pembeni, nyuma ya mlango, hakijavuja mpaka leo. Niletee maji kidogo kwa kata. Inama, vua hiyo kofia, picha yako haihitaji kubarikiwa, wewe ndiwe unayehitaji. Mungu na wazee wetu wakupe miguu ya kwenda mbele na shingo nyepesi ya kugeuka. Wakupe masikio. Wakunyime usingizi mtu wako akilia, na wakurudishie akishanyamaza. Ushinde, ukae na watu. Ukishindwa, ukae na watu vilevile, na kama utaona haya sana, shingo unayo, na wafinyanzi Masasi bado wapo.

Amina. Haya, niwekee sawa kofia yangu, jua kali.